Nchi ya Watu Wasiosema

Mwanangu Farid alikuwa amelala kifudifudi kwenye mkeka, simu yangu ameiegemeza kwenye chupa ya chai, anacheka mpaka anagonga sakafu kwa ngumi. Ilikuwa Jumamosi mchana, hapa Chamwino ninapoishi, nami nilikuwa mlangoni nachambua mchicha. Kicheko cha mtoto kinaambukiza. Nikajikuta natabasamu kabla sijajua kinachochekwa. Nikainuka, mikono inachuruzika maji, nikaenda kuchungulia.

Ilikuwa picha ya zamani, nyeusi na nyeupe, isiyo na sauti yoyote ila kinanda kinachokimbia nyuma yake. Wenzangu wa rika langu mnazijua. Mtu anabeba ubao mrefu begani. Akigeuka huku anamwangusha wa nyuma, akigeuka kule anamwangusha wa mbele. Mpishi anatoka jikoni na mnara wa sahani, na sisi sote tunajua sahani zile haziendi popote. Zimamoto wanafika na mpira wa maji, wanammwagia kila mtu isipokuwa moto. Na kila anayeanguka anainuka, anajipangusa, anakimbia tena.

Hii ya Farid ilikuwa ya harusi. Wanaume wawili wanamgombea bibi harusi mmoja. Huyu anavuta mkono wa kulia, yule wa kushoto. Anatupwa kwenye toroli, toroli linaporomoka mlimani, wageni wanakimbia nyuma yake na kofia zao. Niliwahi kuiona. Niliiona nikiwa na miaka saba, na nilicheka nikajikojolea.

“Mama, mbona wewe hucheki?”

“Rudisha nyuma kidogo,” nikamwambia.

Akarudisha. Nikainama karibu na kioo. Kamera ilimkaribia yule bibi harusi kwa muda mfupi tu, shela limemwangukia jicho moja, na mdomo wake ulikuwa unasema neno moja, analirudia na kulirudia. Lugha yao siijui ya kuisoma mdomoni. Lakini neno lile halihitaji lugha.

“Anasema nini?” Farid akauliza.

“Anasema hataki.”

Akanitazama kama nimemharibia kitu. “Lakini si ni ya kuchekesha?”

“Ndiyo,” nikasema. “Ni ya kuchekesha.” Nikarudi kwenye mchicha wangu, na sikuweza kuumaliza.

Nilikulia Mpwapwa, kwenye nyumba ya bibi yangu mzaa mama, si mbali na msikiti. Watu wetu walifika pale na misafara, ndivyo walivyosema wenyewe. Wakabaki, wakauza nguo na chumvi, na wajukuu zao wakawa makarani, mafundi cherehani na madereva. Baba yangu alikuwa dereva, na siku nyingi hakuwepo. Nyumba ilikuwa ya wanawake: bibi, mama, mimi, na Zaituni, mdogo wake mama. Nilimwita mama mdogo ingawa hakuwahi kusikia nikimwita. Alipatwa na homa kali akiwa bado ananyonya, na homa ilipoondoka iliondoka na masikio yake. Shule hakupelekwa. Babu alisema mtoto asiyesikia atafundishwa nini, na neno la babu lilibaki hata baada ya yeye mwenyewe kufa.

Mtaa ulimwita Bubu. Hawakumwita kwa ubaya, au ndivyo nilivyodhani, walisema “mwite Bubu achukue ndoo yake” kama wanavyosema “mwite fundi.” Sisi wa nyumbani tulikuwa na namna yetu ya kusema naye. Bibi alikuwa kidole puani, kwa sababu ya kipini chake. Mama alikuwa kidole gumba kinachosugua kidevu, hapo alipokuwa na kovu. Mimi nilikuwa vidole viwili vinavyobana shavu. Zilikuwepo alama za maji, za njaa, za mvua, za mtu mwongo, za jirani anayependa kukopa chumvi, na nyingine Zaituni mwenyewe alizitunga asubuhi na jioni tukawa tunazitumia. Kilugha kile kilikuwa na wasemaji wanne duniani. Bibi ndiye aliyekijua sana, kisha mama, maana walikua pamoja. Mimi nilikichukua kama mtoto anavyochukua lugha yoyote, bila kujua kuwa najifunza.

Karibu nasi aliishi Mwalimu Chidawali, mwalimu mstaafu, mrefu, mwenye koti la sufu hata kwenye jua. Mwanawe aliyefanya kazi Uarabuni alikuwa amemletea runinga, deki na kasha la mikanda, na mikanda yote ilikuwa ya vichekesho hivyo vya zamani. Kila Jumamosi baada ya adhuhuri alifunika madirisha ya sebule yake kwa mablanketi na kutukaribisha watoto bure. Sharti lake lilikuwa moja: miguu iwe imeoshwa. Chumba kile kilinuka dawa ya nondo, mafuta ya taa na miguu yetu mibichi, na mpaka leo nikinusa dawa ya nondo kwenye sanduku la nguo, mbavu zangu zinajiandaa kucheka.

Nilimpeleka mama mdogo siku moja kwa kuwa alikuwa ameachiwa anilinde. Alikaa nyuma, karibu na mlango, kama mtu anayejua atafukuzwa. Picha ikaanza. Yule mbeba ubao hajageuka hata mara moja, tayari mama mdogo alishaona kitakachotokea, akacheka. Kicheko chake kilikuwa na mlio wa bawaba kavu. Barabarani watoto walikuwa wakimwigiza mpaka akajifunza kukiziba kwa kiganja. Watoto wakageuka kumtazama. Halafu ubao ukapiga, sote tukapasuka, na kicheko chake kikapotea ndani ya vicheko vyetu, hakuna tena aliyejua kipi ni cha nani.

“Huyu ndiye mtazamaji wangu,” Mwalimu Chidawali alisema picha ilipokwisha. “Ninyi mnacheka likishatokea. Yeye anacheka kabla.”

Tangu siku hiyo hakukosa. Jumamosi alikuwa wa kwanza kuosha miguu. Akirudi nyumbani alituchezea yote upya uani: anatembea na ndoo ya maji kichwani, anakanyaga ungo, anayumba, anajishika kwenye kamba ya nguo, anaangukia khanga zilizoanikwa na kujiviringisha ndani yake mpaka anabaki kichwa tu. Bibi alikuwa akicheka hadi anamwomba kwa mikono aache, mbavu zinamuuma. Tulitunga alama ya picha zile: vidole viwili vinatembea juu ya kiganja, vinateleza, vinaanguka chali, kisha mkono unatikisika mdomoni. Ilikuwa alama yake aliyoipenda kuliko zote. Aliweza kunitupia kutoka upande wa pili wa soko, na mimi nikacheka peke yangu katikati ya watu.

Sasa nisikilizeni nilivyoelewa mimi. Katika picha zile watu walifungua midomo na hakuna kilichotoka. Walisemezana kwa mikono, kwa macho, kwa kusukumana. Walielewana. Hakuna aliyeitwa Bubu. Mimi nilijua watu wasiosema. Nilikuwa nalala na mmoja wao kitanda kimoja. Siku moja nikabaki nyuma wenzangu walipotoka, nikamuuliza Mwalimu.

“Shikamoo, Mwalimu. Hawa watu wote ni mabubu?”

Alikuwa anarudisha mkanda kwenye kasha lake. Alifurahishwa na swali. “Marahaba. Ndiyo, wote mabubu, tangu mfalme wao mpaka mbwa wao.”

“Wanaishi wapi?”

Akaelekeza kidevu dirishani, ambako blanketi lilikuwa limekwisha kuondolewa na vilima vinaonekana. “Mbali huko. Ng’ambo ya milima.”

Alikuwa mtu mwema na alikuwa anatania. Nimejaribu miaka mingi kumchukia kwa utani ule nikashindwa. Lakini mtoto hana mahali pa kuweka utani. Anaweka kila kitu kwenye sanduku moja, la kweli. Nilitoka pale nikijua kwamba nyuma ya milima kuna nchi ambako mama mdogo angekuwa mtu kama watu.

Bibi alifariki wakati wa upepo, ile miezi ambayo vumbi linaingia mpaka kwenye chumvi. Arobaini haijaisha, baba akaja na habari kuwa ofisi inamhamishia Dodoma mjini. Amepata chumba Miyuji, chumba kimoja na kibaraza, tutakwenda akina sisi: yeye, mama, mimi, na mtoto aliyekuwa tumboni mwa mama. Nyumba ya bibi ingebaki kwa ndugu wengine wenye haki nayo. Nilisikia mama na baba wakizungumza uani, mama akipepeta uwele.

“Na Zaituni?” baba aliuliza.

“Nimtie wapi?” Mama hakuacha kupepeta. “Niambie wewe, nimtie wapi? Chini ya kitanda?”

Baada ya hapo alianza kuja Mzee Hamisi. Alikuwa mkulima wa maharage na vitunguu huko Kibakwe, mjane wa kiume, mtu wa makamo mwenye viganja vigumu na kikohozi. Alileta maharage, akakaa barazani, akamtazama mama mdogo anavyoinua ndoo ya maji kutoka chini hadi kichwani bila kusaidiwa. “Nguvu anazo,” alimwambia mama. “Na maneno hana. Marehemu mke wangu alikuwa na maneno, Mungu amrehemu.” Akacheka. Mama naye akacheka, kicheko kifupi cha mtu anayetaka mgeni aridhike.

Mama mdogo hakuwa mjinga. Aliyaona macho ya yule mzee kabla sisi hatujasema lolote, kama alivyouona ule ubao kabla haujageuka. Alipoletewa hina, alilisukuma bakuli likapinduka. Siku mbili hakula. Alikaa chumbani amempa mama mgongo, na kumpa mtu mgongo, kwake, kulikuwa sawa na kuziba masikio. Mama alimshika bega, akamgeuza, akaanza kumweleza kwa mikono; mama mdogo akafumba macho. Kulikuwa hakuna namna ya kumwambia mtu yule kitu akishafumba macho.

Mimi nilimuuliza mama, “Huko anakopelekwa ni ng’ambo ya milima?”

“Ndiyo. Kibakwe.”

“Huko watu hawasemi?”

Mama alikuwa na tumbo kubwa, amechoka, anafunga vitu vya bibi kwenye magunia. “Ee, mwanangu. Huko hakuna maneno maneno.”

Basi. Nilikuwa na ushahidi wa watu wazima wawili.

Siku ya ndoa wanaume walikaa barazani na sisi tulikuwa ndani. Mjomba wetu mmoja alikuja kusimama kama walii, msimamizi wa mwari. Shehe alikuwa mzee mpole mwenye sauti ndogo. Alikuja mpaka mlangoni mwa chumba na mashahidi wawili, akauliza kama mwari ameridhia. Kukawa kimya. Mwanamke mmoja akasema, “Amenyamaza, shehe. Mwari akinyamaza si ndiyo ridhaa yake?”

“Huyo ni mwari anayeweza kusema, akaona haya,” shehe alijibu. “Huyu kunyamaza kwake si jibu. Aelezwe kwa namna anayoelewa, nami nione amejibu. Nani anasema naye?”

Nakumbuka watu wote wakamtazama mama. Na mama akasema, “Mimi amenikasirikia, hanitazami. Anamtazama mtoto.” Akaniita. “Mariamu, njoo. Mwambie mama yako mdogo anakwenda kwa mumewe, Kibakwe. Muulize kama anakubali.”

Niliona fahari. Chumba kimejaa wanawake wakubwa, shehe yuko mlangoni, na mimi ndiye ninayehitajiwa. Mama mdogo alikuwa amekaa kitandani, ametandwa khanga mpya, macho yamevimba. Nilimgusa goti, akafungua macho. Nikaelekeza kidole vilimani. Nikaweka vidole viwili juu ya kiganja changu, nikavitembeza, nikaviangusha chali, nikatikisa mkono mdomoni. Halafu nikaonyesha wengi, wengi, nikagusa midomo na kutikisa kichwa: huko wote hawasemi. Nikamnyooshea kidole yeye: unakwenda huko.

Sikumwambia habari ya mume. Kwangu ilikuwa jambo dogo, kama kumwambia mtu anayesafiri rangi ya gari atakalopanda.

Alinitazama muda mrefu. Akairudia alama ile polepole, vidole juu ya kiganja, na nyusi zake zikaniuliza: kweli? Nikaitikia kwa kichwa chote. Ndipo akamgeukia mama. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, mkono kiunoni. Mama mdogo akamwuliza vilevile, vidole, kiganja, kuanguka, kicheko. Mimi nilikuwa namtazama mama mdogo usoni, na nikaona uso wake unafunguka. Akacheka, kile kicheko chake cha bawaba, bila kukiziba. Akatikisa kichwa kukubali, mara tatu, mara nne.

“Ameelewa?” shehe aliuliza.

“Ameelewa,” mama akajibu.

Wanawake wakapiga vigelegele.

Aliondoka asubuhi ya pili yake juu ya lori lililokuwa linarudi Kibakwe tupu. Aliketi kwenye magunia matupu, nyuma ya kichwa cha lori, Mzee Hamisi ameketi mbele na dereva. Lori lilipoanza kutikisika alijifanya anaangushwa, akajishika hewani, akaniviringishia macho, akaanguka chali juu ya magunia na miguu juu. Nilicheka mpaka lori likapotea. Nilimwonea wivu. Nilimwomba Mungu siku moja na mimi niwe kiziwi.

Alirudi baada ya wiki tano au sita. Sisi tulikuwa bado hatujahama. Nilikuwa uani nafua kanzu ya madrasa, nikainua kichwa, nikamwona amesimama penye ua. Alikuwa amekonda, miguu ina vumbi mpaka magotini. Tulijua baadaye kuwa alitembea siku nzima ndipo akapewa lifti na watu wa vitunguu. Mkono wa kushoto ulikuwa umevimba kwenye kiwiko. Nikaruka kwa furaha. Nikampa alama yetu, vidole juu ya kiganja.

Akaja moja kwa moja, akanipiga kofi.

Nikacheka. Ningefanya nini? Katika picha zile zote kofi lilikuwa mwanzo wa mchezo; anayepigwa anazunguka mara mbili, anakaa chini, na watu wanacheka. Nami nikazunguka mara mbili, nikakaa chini kwenye maji ya sabuni, nikamtazama nikingoja na yeye aanguke.

Akanipiga la pili. Hapo nikaona uso wake, na nikaacha kucheka. Akaushika mkono wangu ule wa kulia, akavikunja vidole viwili mpaka vikauma, akavisukumia ndani ya kiganja, akanifunga ngumi. Kisha akaichukua ngumi yangu akanibandika nayo mdomoni. Sikuwahi kuiona alama hiyo kabla. Niliielewa.

Mama alitoka jikoni. Waliangaliana. Mama mdogo akaanza kusema kwa mikono, haraka, mikono inagongana. Alionyesha kiwiko, alionyesha mlango unafungwa, alionyesha ndoo, ndoo, ndoo, alionyesha mtu aliye juu yake. Mama akatazama chini. Alipotazama chini, mama mdogo alimshika kidevu, hapo penye kovu, akamwinua uso kwa nguvu aendelee kuona. Mama akaiondoa mikono ya mdogo wake. “Ndoa ndivyo ilivyo,” akasema kwa mdomo, kwa mtu asiyesikia. “Utazoea.”

Kesho yake baba alimrudisha yeye mwenyewe kwa gari la ofisi. Mama mdogo hakupiga kelele. Aliingia garini na hakugeuka kunitazama, nami nilisimama penye ua nimekunja ngumi.

Tulihamia Miyuji. Mdogo wangu akazaliwa, kilugha kile kikafa ndani ya nyumba yetu kwa kukosa mtu wa kukisema. Habari za Kibakwe zilifika kwa vipande: kapata mtoto, kapata wa pili, wa pili hakuishi. Mama hakwenda. Lakini kisa chenyewe hakukificha, alikigeuza kichekesho. Kwenye shughuli, wanawake wakiwa wanamenya vitunguu, alikuwa akinionyesha kwa kisu: “Mnamwona huyu? Huyu ndiye aliyemwozesha mama yake mdogo. Mwenzenu kagoma, kafumba macho, hina kamwaga. Huyu kamwambia anakwenda kwenye sinema! Basi kachekaa, kakubali!” Wanawake walicheka mpaka wakafuta machozi. Na mimi nilicheka nao, nikiwa na miaka tisa, kumi na moja, kumi na tatu. Nilikuwa na kumi na nne nilipokuwa nacheka na kicheko kikanikwama katikati, kama mfupa wa samaki. Nilitoka nje nikatapika. Mama alidhani ni vitunguu.

Toka hapo nilijua mimi ni nani. Wengine wana dhambi wanazozitafuta. Yangu nilikabidhiwa nikiwa na miaka saba, na kila shughuli ilisomwa upya mbele ya watu. Niliolewa, nikapata kazi ya ukarani, nikajenga hapa Chamwino. Mume wangu ananijua kama mtu asiyependa vichekesho.

Wiki mbili baada ya ile Jumamosi ya Farid nilipanda gari la Mpwapwa, nikalala kwa ndugu, nikapanda jingine la Kibakwe. Mzee Hamisi alikuwa amekufa siku nyingi. Nilimkuta mama mdogo barazani anapukuchua mahindi, mwanamke mnene mwenye mvi, na binti yake Rukia yuko karibu naye. Kiwiko cha kushoto hakinyooki mpaka leo. Nilibana shavu langu kwa vidole viwili. Akanitazama. Akaweka gunzi chini.

Alinipa kigoda, akanipa uji. Nilipojaribu kusema naye, mikono yangu iligoma; alama zake zilikuwa zimekua, zimezaa nyingine, yeye na bintiye walikuwa na lugha nzima na mimi nimebakiwa na maneno ya mtoto. Ikabidi Rukia atafsiri.

“Mwambie nimekuja kumwomba radhi,” nilisema. “Mwambie mimi ndiye niliyemdanganya. Sikujua, lakini ni mimi. Mwambie nina vyumba vinne, aje akae kwangu.”

Rukia akamweleza. Mama mdogo alimsikiliza kwa macho, akajibu kwa kifupi.

“La kuhama anasema amechoka kuhamishwa,” Rukia alisema. “Hapa ni kwake.”

“Na lile lingine?”

Mama mdogo alikuwa bado ananitazama. Akasema tena, safari hii polepole, bila shaka ili nami nipate kufuata. Alibana shavu, akaweka kiganja chini, kimo cha mtoto. Akasugua kidevu kwa kidole gumba. Akaelekeza kidole kwenye macho yake mawili. Akatikisa kichwa: ndiyo, ndiyo.

“Anasema wewe hakukuamini,” Rukia akatafsiri. “Anasema wewe ulikuwa mtoto, na mtoto husema anachotaka kiwe. Alimwuliza dada yake. Anasema dada yake aliiona alama, aliielewa, na akamwitikia kwa kichwa kuwa ni kweli.”

Nilikuwa nimempa mama mgongo siku ile. Miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza uso wa mama mdogo ulifunguka kwa kuona nini.

Nilipita Miyuji kabla ya kurudi kwangu. Mama ni mtu mzima sasa, magoti yamechoka, anakaa kibarazani anaangalia wapita njia. Nilimwamkia, akaitikia, nikamwambia nilikotoka.

“Hajambo?”

“Hajambo.”

“Alikutambua?”

“Alinitambua. Kasema jibu aliloliamini hakulipata kwangu, ulimpa wewe. Kasema ulimwitikia kwa kichwa.”

Nilikuwa nimejiandaa akane. Ningejua la kumjibu kama angekana. Lakini mama alisugua goti lake, akatazama barabara.

“Chumba kilikuwa kimoja, Mariamu,” akasema. “Ulitaka nimtie wapi?”

“Na mimi je? Miaka yote ile unawasimulia watu kuwa ni mimi?”

“Si walikuwa wanacheka,” mama akasema. “Ulikuwa mtoto. Kisa cha mtoto kinachekesha. Kingekuwa changu, nani angecheka?”

Adhana ya alasiri ikaadhiniwa. Akanyoosha mkono nimwinue akatawadhe, na nikamwinua, kwa sababu ni mama yangu na magoti hana. Nilimfikisha mpaka penye ndoo, nikamwekea kopo mkononi, nikachukua mkoba wangu nikaondoka bila kumuaga.